Viumbe Wasiopiga Hodi

Miaka ya themanini, nikiishi Akalla, pembezoni mwa Stockholm, niliandika riwaya ya viumbe wenye akili katika galaksi ya mbali. Elimu ya nyota nilijisomea mwenyewe maktabani, nikiogopa kukosea hata jambo dogo. Nilijiapiza kwamba msomaji wa kwanza akicheka, naacha kuandika.

Msomaji huyo alikuwa jirani yangu, dada mmoja wa Tanga. Aliisoma sura ya kwanza jikoni kwake, chai ikimpoea, nami nikimkodolea macho.

Akacheka.

"Mdogo wangu, hawa wana akili kweli? Mgeni katoka nyota nyingine, kaingia tu, anaulizia mitambo! Hodi hakuna, habari za safari hakuna, hata maji hakupewa!"

"Sayari yao haina usiku," nilijitetea. "Hawalali. Wataulizanaje wameamkaje?"

Kicheko kikamkatika. "Ehe! Sasa wanaulizana nini?"

Nilikuwa nimekokotoa mwanga wa majua yao mawili, lakini sikuwahi kuwaza wanatakiana heri gani. Nikasahau kiapo changu. Nilimwomba kalamu, tukaanza kubishana palepale mezani.