Farasi Aliyekataa Kushuka

Farasi yule aliweza kupita kando ya mashine ya kuvunia ngano ikiunguruma bila hata kugeuza sikio. Lakini mbele ya tangi la maji la jirani, lililotulia mahali pake, alisimama, akatetemeka, akarudi kinyumenyume hadi kamba ikaniunguza kiganja. Naanza na jambo hili kwa sababu nililiona mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Mengi mengine yaliyosemwa juu yake niliyapokea kwa watu, na sina dhamana nayo.

Alikuwa wa binti yetu, daktari wa mifugo huko Gachoka. Alimnunua hapa kwetu Timau, katika shamba kubwa la ngano lililokuwa likipunguza wanyama wake. Bado alikuwa mchanga, na hakuwahi kuvuka lango la shamba alikozaliwa. Binti alisema atampanda kwenda kwenye maboma ambako pikipiki hukwama mchangani. Mimi niliona kwamba pikipiki haili majani wala haiogopi tangi. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mpaka banda la Gachoka likamilike, na kumzoeza mahali papya ili aweze kusafiri. Msimamizi wa shamba aliniambia ana kwa ana kwamba farasi akishindwa kusafiri watampokea tena, lakini hawatamfuga. Nikamuuliza maana yake nini. Aliitazama bunduki iliyoning'inia ukutani, kisha akarudi kunitazama mimi.

Nimefundisha fizikia sehemu kubwa ya maisha yangu, nikaanza kwa njia ninayoijua: badilisha jambo moja, mengine yaache yalivyo. Kila asubuhi nilimtoa kwenda mahali asipopajua, nikimswaga kutoka nyuma, fimbo mkononi, kama tunavyoswaga ng'ombe. Kwetu mtu anayewatangulia ng'ombe wake huchekwa, kwa kuwa mali inaweza kupotea nyuma yake naye hana habari. Ilinichukua muda kutambua kwamba kwa desturi hiyo nilikuwa namtuma mnyama mwoga atangulie ugenini peke yake, huku mimi nimejificha mahali asiponiona. Nikahamia mbele, akagoma. Nikahamia ubavuni, karibu na bega lake. Akalipita tangi kana kwamba halipo. Kesho yake, nikiwa kwenye bega lile lile, njia ile ile, akalikataa tena. Nililizunguka tangi hilo nikilichunguza kwa makini, nikaona tangi.

Ushauri ulikuwa mwingi. Mchinjaji wa mjini, Mwislamu mcheshi ambaye hununua kondoo kwangu, alieleza kwamba farasi huyaona majini. Nikamuuliza ni nani aliyethibitisha.

"Mwalimu, majini hayafanyi mtihani," akajibu, na wateja wote wakacheka.

Aliongeza kwamba nikishindwa nisimletee yeye, kwa maana nyama hiyo haina mteja. Wengine walinishauri nimfunge macho, wengine nimpake majivu. Lililorudiwa zaidi lilikuwa kwamba farasi huinusa hofu ya anayemshika. Hilo liliweza kupimwa. Mke wangu ni mtu asiyetishika, hivyo nikampa kamba, nikasimama mbali. Farasi akagoma vilevile. Nikahitimisha kwamba dai hilo ni uzushi. Jioni, tukimenya viazi, mke wangu akaniambia bila kuinua macho, "Baba yao, mimi nilimwogopa huyo farasi kuliko yeye anavyoogopa tangi. Sikutaka tu uone." Nikabaki na jaribio lisilo na hitimisho, na kiazi mkononi.

Safari yenyewe ilitegemea lori. Dereva mmoja wa Maua, aliyezoea kubeba miraa, alikubali kuliacha lori lake uani kwetu wakati likisubiri kipuri. Nilitandaza nyasi kwenye ubao wa kupandia, kisha mlangoni, kisha ndani kabisa. Farasi alizifuata kwa mashaka mengi. Kufikia siku ya kuondoka alikuwa akipanda mwenyewe na kusinzia humo. Sikumwambia mtu, lakini nilijiona nimefaulu.

Tulipita Meru, Chuka na Embu, nikivua koti, kisha sweta, jinsi joto lilivyozidi. Huko Gachoka, binti alikuwa akingoja penye ua. Ubao uliposhushwa, farasi aliutazama udongo mwekundu, miiba na mbuzi wasiokuwa na haraka, akarudi nyuma hadi mkia ukagusa ukuta wa ndani.

"Baba, si ulisema amezoea?"

"Amezoea lori," nikasema.

Nilikuwa nimemfundisha kulipenda, wala sikuwaza kwamba siku moja ningehitaji alikatae. Nilisimama karibu na bega lake, nikamwita, nikamshawishi kwa nyasi. Hakusogea. Vijana wa sokoni wakajitolea kumvuta kwa kamba, na binti akakataa, kwa kuwa angeweza kuvunjika mguu kwenye ubao.

"Mzee, miraa haijawahi kunikatalia kushuka," dereva akasema. Kisha, kwa upole kidogo, akanijulisha kwamba ama farasi ashuke sasa, ama anarudi naye Timau. Binti, ambaye huingiza mkono ndani ya ng'ombe bila kupepesa macho, alikuwa akitafuna ukucha. Sote wawili tulijua kilichokuwa kikimngoja farasi huko Timau.

Niliwaomba watu wasogee mbali. Nikashuka, nikaketi juu ya jiwe chini ya ubao, nikawapa mgongo farasi na lori. Napenda ieleweke vizuri: haikuwa mbinu. Magoti yalikuwa yamechoka, na sikujua la kufanya baada ya hapo. Nilivua kofia nijipepee. Nikasikia kwato kwenye mbao, zikasita, zikaendelea. Pumzi ya moto ikanigusa kwenye upara. Nilipogeuka, farasi alikuwa amesimama kwenye udongo mwekundu, anatetemeka mwili mzima, lakini amesimama.

Binti aliniuliza kwa sauti ya chini nimefanyaje. Nikamjibu kwamba sijui, naye akanitazama kama mtu anayenyimwa siri.

Niliporudi Timau, mchinjaji alikuwa tayari anawasimulia wateja kwamba nilimsomea farasi sala ya Kimeru sikioni. Nikamwambia hadharani kwamba hakuna kitu kama hicho.

"Basi kilitokea nini, Mwalimu?"

Hata kisu kilitulia.

"Niliketi," nikasema.

Alisubiri zaidi, kisha akarudi kukata nyama, na nina hakika kwamba sala ndiyo inayosimuliwa hadi leo. Binti hunipigia simu kunieleza kwamba farasi sasa hupita sokoni Gachoka bila wasiwasi, ila akiona lori hugeuka na kukimbia. Hilo bado sijaliona mwenyewe.