Ami na Tarakimu ya Katikati

Jirani wa ghorofa ya juu, fundi wa ndege mstaafu ninayemwita Ami, huhesabu kwa kupitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole, polepole, hata vitu vikiwa vitatu tu. Leo ndege yangu kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege iligoma kuvaa rangi nilizopakua, na klabu yetu nzima ya mchezo huo hapa Lahore ilikuwa ikinisubiri mtandaoni turuke saa kumi.

“Ami, nimeharibu nini?” nikamuuliza, naye ameketi kando yangu na kikombe cha chai.

“Hujaharibu. Umeivalisha nguo za dada yake. Ndege yako ni toleo la 214, rangi hizi ni za 232. Tarakimu ya katikati ndiyo inayotaja aina ya injini, bwana msomi.”

Nikapakua za 214, ikavaa. Nikashusha pumzi. Injini ziliponguruma kwenye spika, Ami alifumba macho, akabandika kiganja mezani kama kwenye ubavu wa ndege, mpaka chai yake ikapoa.