Zikri Niliyoifuta

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa hata kiti. Alinipa wembe, penseli nyeupe na utepe wa hotuba ya saa nzima, akaniambia, "Kohozi, chafya, pumzi, vyote toa. Msikilizaji hakuwasha redio asikie mtu anahema." Hivyo ndivyo tulivyohariri zamani: unausogeza utepe kwa mkono mpaka uisikie pumzi, unatia alama, unakata, kisha unaziunganisha zile ncha mbili kwa gundi. Nilikata hotuba ile kutwa nzima, na vidole vyangu nikavikata pia.

Nilizungushwa Pemba nzima: Wete, kisha Mkoani, kisha nikarejeshwa studio ya Chake Chake. Kote nilijulikana kwa usafi. Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo kipindi kikishatoka hewani tulikifuta na kurekodi juu yake, na aliyeacha utepe bila kufutwa alihesabiwa mvivu. Mimi sikuwa mvivu. Nayasema haya mapema kwa sababu uhodari huohuo ndio ulioniponza.

Nilipotimiza miaka arobaini na mitatu, Mkuu wa Kituo aliniita. "Kompyuta zimekuja," alisema, "na humu ndani hamna mwenye shahada ya sauti. Nimekupigania nafasi ya chuo kikuu. Usinifedheheshe."

Basi nikavuka bahari kwenda bara kusomea teknolojia ya sauti na vijana rika la wanangu. Waliniita Mzee, na wakininong'oneza kitufe gani nibonyeze. Niliwashinda kwa masikio. Kwa mengine yote walinishinda wao. Nilifurahi mno, sijapata kufurahi vile tangu nioe. Jambo ulilolifanya kwa mkono miaka ishirini, leo unaambiwa jina lake, unaonyeshwa linavyopimwa, na unaliona likichorwa kwenye kioo cha kompyuta!

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa arekodi tukio la kwao. Bila kazi hiyo hakuna shahada. Nilichagua zikri ya kijijini kwetu Kengeja, kwa Shehe aliyenisomesha Kurani. Wanaume walisimama kwa safu, wakaanza na kasida, kisha jina la Mungu likatajwa kwa sauti, likashuka taratibu mpaka kifuani, likabaki pumzi tupu, safu nzima ikihema pamoja.

Nilirekodi vizuri. Kosa nililifanya baadaye, wakati wa kusafisha. Feni za msikitini zilikuwa zikivuma, na ipo programu ya kuondoa kelele: unaichagulia kipande chenye kelele peke yake, inaisoma, kisha inafuta kila kinachofanana nayo. Nikachagua mahali palipoonekana pametulia kwenye kioo, nikidhani ni feni tu. Kumbe ndipo walipokuwa wakihema. Nikabonyeza. Kisha, kwa mkono uliozoea, nikaifuta na kadi ya kinasa sauti, yenye rekodi ya asili.

Nilipovaa hedifoni nilisikia kasida safi, na baada yake hamna kitu. Nililia, sioni haya kusema. Zilikuwa zimebaki siku kumi za kukabidhi kazi.

Nikarudi Kengeja. Shehe alisikiliza mpaka mwisho, akazivua hedifoni polepole.

"Mbona sie hatumo humu?"

Nikamweleza, kisha nikamwomba awakusanye watu wairudie.

"Zikri hairudiwi kwa ajili ya mashine, mwanangu. Alhamisi baada ya alasiri tupo, kama siku zote. Njoo. Lakini weye hukai pembeni na vidude vyako. Wasimama safuni."

"Na kiwango cha sauti ataangalia nani, Shehe? Ikiharibika tena, sina siku nyengine."

"Miye sijui kiwango. Wataka zikri au wataka mashine?"

Alhamisi nikaiweka maikrofoni mbele ya safu, nikabonyeza, nikasimama. Mwanzoni nilikuwa nikiichungulia ile taa nyekundu. Jirani yangu, mkulima wa muhogo, akanishika mkono, na taa nikaisahau. Tulipomaliza nilikuwa nimelowa jasho, sijui kama nimerekodi au sikurekodi.

Ilirekodi. Mhadhiri wetu, mtu wa maneno machache, alisikiliza akakunja uso. "Nani huyu anayehema karibu hivi na maikrofoni?"

"Mimi, mwalimu."

"Unajua kuwa hilo ni kosa?"

"Najua."

Alinikata alama, lakini alinipasisha. Alama zile alizikata kwa haki, na sijapata kumnung'unikia.

Nikarudi Chake Chake, nikawa mkuu wa studio mpaka nilipostaafu. Nyinyi mnaosomea fani hii leo, jifunzeni kusafisha. Ni kazi njema na mimi imenilea. Lakini kabla hujafuta, muulize mwenye sauti yake kipi ndicho takataka. Na wekeni nakala mbili, jamani, mbili!

Shehe ameshatangulia mbele ya haki. Mimi kifua kimenichoka, na daktari amenikataza kusimama safuni. Basi Alhamisi baada ya alasiri nakaa barazani kwangu, navaa hedifoni, naifungulia rekodi ile. Karibu kabisa na sikio yupo mwanamume mmoja mwenye kifua kizima, anahema kwa nguvu kuliko wote. Namfuata yeye.