Mlolongo wa Diwani

Soko letu lilikuwa kando ya barabara, ukishapita Matsangoni kama waenda Malindi. Sisi tulikuwa chini ya kaunti kansili, baraza la mashambani, na wenzetu wa Malindi walikuwa na munispaa yao, baraza la mji. Wao walipata soko jipya, lina paa na bomba la maji. Sisi tulikuwa na vumbi, na shemeji yangu.

Shemeji, kakake mume wangu, ndiye aliyekuwa diwani wetu. Kila mkutano aliapa, "Malindi hawatuwezi!" Hawatuwezi kwa lipi, jamani? Ushuru alituma watu wautoze kila siku, choo hakuna, maji tununue. Malori ya kununua embe kutoka Mombasa yakaanza kutupita mbio kwenda kusimama kwa wenzetu. Embe zangu zikaozea kwenye tenga nikizitazama. Kwa embe hizo nilikuwa nasomesha wanangu, na soko lile likifa ningebaki kumnyooshea shemeji mkono. Heri nife!

Ulipofika uchaguzi wa mlolongo, mwalimu mmoja mstaafu akajitokeza kupambana naye. Hakuahidi makubwa: bomba, paa, na malori yasimame. Nikasema, huyu ndiye wangu. Lakini kimoyomoyo, maana mlolongo haukuwa na karatasi wala sanduku la kura. Ulisimama uwanjani nyuma ya picha ya umtakaye, jua linawaka, na kila mtu anakuona.

Na aliyepewa picha ya shemeji aishike alikuwa nani? Mume wangu!

Asubuhi hiyo, uwanjani shuleni, yeye alikuwa mbele kabisa, ametuelekea sote, picha ya kakake kaikumbatia kifuani. Wifi yangu akanishika mkono. "Njoo, wifi, mstari wetu ni huu." Niliogopa, sisemi uongo. Nawajua wanawake waliopewa talaka kwa dogo kuliko hilo. Nikajichomoa, nikavuka uwanja, nikasimama kwenye mstari wa mwalimu.

"Lo! Mwanamke huyu hana haya!" wifi akapiga kelele.

Nikakaza macho kwenye kisogo cha muuza samaki aliyenitangulia. Mume wangu sikuthubutu kumtazama.

Mstari wetu ulizunguka mpaka nyuma ya madarasa. Wa shemeji haukufika hata kwenye mlingoti wa bendera. Afisa wa uchaguzi akapita akihesabu, akaenda pembeni, akanong'onezana na watu wake, akarudi akamtangaza shemeji ndiye mshindi. Watu wakaguna tu. Nani angesema neno, na askari wamesimama pale? Nikajua soko letu limekwenda na maji.

Jioni nilikuwa jikoni, nguo zangu nimeshazifunga, nangoja kufukuzwa. Mume wangu akaingia, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Hakufoka.

"Kaka alinipa ile picha kwa sababu anijua," akasema polepole. "Ningekuwa mikono mitupu, ningekuja kusimama nawe."

Labda alitaraji nifurahi. Mimi nilipandwa na hasira hata mwiko ukanitoka mkononi. Ada ya wanangu, soko, aibu ile niliyoivuka peke yangu mbele ya watu, na kumbe muda wote alikuwa upande wangu!

"Picha si mtoto mchanga, bwana," nikamwambia. "Ungeiweka chini."