Mzuri Kuliko Wote wa Issuna

Siku ya kwanza Selina kufanya biashara na mzee Calist alimpa kuku mgonjwa, na kwa miaka ishirini aliamini kwamba aliyepata faida ni yeye.

Ilikuwa siku ya mnada, hapo Issuna. Selina alikuwa mjane wa mwaka mmoja, ana binti mmoja aitwaye Loyce na matenga mawili ya kuku wa kienyeji aliokuwa akiwauzia abiria wa mabasi. Akatokea mwanamume mwenye shingo ndefu na macho yaliyoachana kama watu waliogombana, amevaa koti alilopewa na padre mnene mara mbili yake. Kwapani alibana kitabu kisicho na jalada.

"Mama, unaitwa nani?"

"Unanunua kuku au unaandikisha wapiga kura?"

"Anaitwa Selina," akadakia muuza vitunguu wa pembeni, ambaye hakuna aliyemwuliza.

"Selina!" Calist akafumba macho kama anayeonja mchuzi. "Kigiriki hicho. Maana yake mwezi, ule unaowaka angani."

"Ahsante. Mwezi unataka jogoo au mtetea?"

Hapo ndipo Calist alipomweleza masharti yake. Maana ya jina la mtu mzima ni jogoo mmoja, na la mtoto ni mtetea. La Selina limeshasemwa, tena mbele ya mashahidi, kwa hiyo jogoo wake yuko wapi?

Selina aliona watu wameanza kusogea, na watu wakisogea mnunuzi hukimbia. "Mzee, umeniambia nisichokuuliza," akasema. "Lakini sina ugomvi. Ongeza na la mwanangu Loyce, anaanza darasa la kwanza. Nikupe mtetea mmoja kwa yote mawili, tuachane kwa amani."

Wakakubaliana kwamba la mtoto litatafutwa vizuri kitabuni na kutangazwa Jumapili. Selina akaingiza mkono kwenye tenga, akampita huyu, akampita yule, akamtoa mtetea aliyekuwa anasinzia tangu asubuhi, mabawa yameshuka.

"Huyu ni mpole," alisema. "Hakusumbui njiani."

Kweli hakumsumbua njiani. Alimsumbua alipofika. Alikuwa na ugonjwa wa mdondo, na kabla ya Jumapili alikuwa ameshakufa na kuondoka na kuku tisa wa Calist, pamoja na jogoo aliyekuwa akimwamshia misa.

Jumapili hiyo, watu walipotoka kanisani, Calist alisimama uani, akafungua kitabu, akalamba kidole. "Kuna mzazi aliniomba maana ya jina la Loyce," alisema kwa sauti ya kusomea waraka. "Ni Kigiriki. Maana yake: masalio ya sokoni."

Watoto wa Issuna hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kuanzia Jumatatu Loyce aliitwa Masalio, na aliitwa Masalio mpaka anafanya mtihani wa darasa la saba. Akirudi analia, mama yake alimwambia achukue pumba akalishe kuku. Selina alikuwa ameshapiga hesabu yake: ametoa mtetea wa kufa, zimeingia maana mbili. Kwamba moja ya hizo maana ilikuwa chungu, hilo halikuwa kwenye hesabu.

Sasa, huyo Calist ni mtu wa namna gani? Alikuwa dobi. Miaka kumi na mmoja alifua kanzu katika seminari moja ya mbali, na alipoondoka aliondoka na koti lile na kitabu cha majina ya Kigiriki kilichokuwa kikitumika kuwashia pasi ya mkaa. Aliponyakua kilichobaki, kurasa zote za mbele zilikuwa zimeshageuka majivu. Jina la kwanza kabisa lililonusurika ni Kalisto, yaani lake mwenyewe: mzuri kuliko wote. Mtu mwingine angeona bahati. Calist aliona wito.

Kwa majina yaliyokuwemo, alisoma. Petro ni mwamba. Stefano ni taji. Melania ni mweusi, na binti mmoja wa huko Ikungi aliyepewa maana hiyo alidai kurudishiwa mtetea wake. Kwa majina yaliyoungua, alitunga, na alitunga kwa kufuata uzito wa jogoo. Georgi mwenye trekta alileta jogoo wa kupasua kokwa kwa mdomo, akaambiwa jina lake ni mfalme wa milima saba. Mama Agripina wa kwenye mashine ya kusaga alileta jogoo na mayai kumi, akatoka akiwa malkia aliyekataliwa na simba. Simba alimkataa kwa nini, hakuna aliyeuliza. Happiness naye aliambiwa lake ni la Kigiriki, akashukuru. Na wengine pia.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Katika miaka yote hiyo, hakuna nyumba hata moja iliyompa mtoto jina la Calist. Walimsikiliza, walimlipa, walikwenda kubatiza Alphonce na Deo. Mke wake alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto, na mzee alianza kuona kwamba siku akifa, jina litaondoka naye kama lile koti. Alitaka wajina. Alimtaka kuliko alivyowahi kutaka jogoo.

Na Selina alitaka kiwanja. Calist alikuwa na kiwanja kando ya lami, pale pale mabasi yanaposimama, na alichokifanyia chote hicho ni kufunga punda. Mabanda ya Selina yalikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo abiria hafiki mpaka awe amepotea. Mara nne aliomba kununua. Mara nne Calist alijibu jibu moja: "Hicho ni cha wajina wangu."

"Wajina wako yuko wapi, mzee?"

"Atakuja."

Basi Loyce, ambaye sasa ni fundi cherehani huko Kiomboi, akaja nyumbani kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Akazaliwa mvulana. Selina alimwangalia mjukuu wake. Alikuwa na shingo ndefu, na masikio yaliyosimama wima kama yanasikiliza habari. Bibi mwingine angesema amefanana na baba yake. Selina alisema moyoni: huyu ni kiwanja.

Siku ya pili alikuwa kwa Calist.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Loyce. Leo umekuja na kuku mpole?"

"Nimekuja na wajina."

Mzee akakaa chini juu ya ndoo, na ndoo haikuwa imefunikwa. Hawakuchukua muda. Huku kwetu mtu akipewa wajina haji mikono mitupu, huleta mbuzi, huleta khanga. Calist alikubali kuleta kiwanja. Waliandikishana kwa mtendaji wa kijiji, mhuri ukapigwa: siku kitakapoonekana cheti cha ubatizo chenye jina la Calist, kiwanja ni cha mtoto huyo. Derick, baba wa mtoto, aliulizwa kwa simu, akasema yeye hana tatizo na jina lolote lenye kiwanja.

Mtu ambaye hakuulizwa ni Loyce.

Aliambiwa jioni ile ile, akiwa ananyonyesha. Alisubiri mtoto ashibe kwanza.

"Mama, umeuza jina la mwanangu?"

"Sijauza, nimebadilishana. Kiwanja cha lami, Loyce! Mtoto wa siku mbili ana kiwanja cha lami, wewe una miaka ishirini na saba una cherehani."

"Kwa huyu huyu aliyeniita masalio."

"Aa, mambo ya watoto hayo."

"Nilikuwa mtoto, ndiyo." Loyce akamfunga mwanawe khanga. "Sasa sikiliza. Kanisani padre hatakuuliza wewe. Atauliza wazazi: mmempa mtoto wenu jina gani? Derick atanyamaza, unamjua. Nitajibu mimi. Naweza kujibu Calist, naweza kujibu Frank."

Selina alikuwa amepatana na madalali wa Dodoma, na maafisa mifugo, na askari wa vizuizi vya barabarani. Alijua mtu akisema hivyo ana bei. "Unataka nini?"

"Asimame siku ya mnada, mbele ya watu wote, afungue kitabu asome jina langu. Asome kilichoandikwa."

"Atasema hapana. Watu wakijua anatunga, nani atampa kuku?"

"Basi ni Frank."

Selina alibeba ujumbe. Alimkuta Calist anapaka chokaa mawe ya kiwanja, kwa ajili ya wajina. Aliposikia, brashi ikasimama.

"Mama Loyce, ile ilikuwa hasira. Ulinipa kuku wa mdondo. Walikufa kumi!"

"Najua."

"Ulijua?"

"Mabawa yalikuwa yameshuka, mzee. Hata wewe ungetazama ungejua. Ulikuwa unatazama kitabu."

Calist alitazama mawe yake meupe. Upande mmoja kulikuwa na jogoo wote wa maisha yake, waliokuja na watakaokuja, na watu wanaosimama akipita. Upande wa pili kulikuwa na mtoto mwenye masikio. "Niambie mnada ni lini," alisema, ingawa alijua ni lini tangu alipozaliwa.

Siku ya mnada alikuja na lile koti. Loyce alisimama mbele na mtoto mgongoni, na Selina pembeni yake, ameacha kuku bila mwangalizi kwa mara ya kwanza katika biashara yake. Calist alifungua kitabu. Ukurasa mmoja ukaanguka, muuza vitunguu akamwokotea.

"Loyce," alisoma. "Pia huandikwa Loisi. Maana haijulikani kwa uhakika. Wengine husema: aliye bora zaidi." Akainua macho kitabuni. "Hiyo ya masalio ya sokoni haimo humu. Niliitunga mimi. Ilikuwa kwa sababu ya kuku."

Georgi akasogea, tumbo mbele. "Na langu?"

"Kitabu changu kinaanzia K, Georgi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake la kwako halimo."

Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu. "Georgi, Georgi... hili hapa. Kigiriki kweli. Maana yake mkulima."

Mnada wote ulicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. "Yaani nilitoa jogoo yule wa kupasua kokwa," Georgi alinguruma, "ili... mkulima? Mimi si najua kama ni mkulima!"

"Yeye hakukuambia mkulima," akasema mama Agripina. "Alikuambia mfalme. Anayekuambia mkulima ni simu. Mdai simu jogoo wako." Akamgeukia yule kijana. "Na wewe, langu usilitafute. Ukilitafuta nakuvunja hiyo simu. Mimi nabaki na simba wangu."

Watu waligawanyika. Wengine walimzomea Calist, mwizi wa jogoo! Wengine walitaka afunge kitabu awaache na ufalme wao. Hakuna aliyerudishiwa kuku, maana walishaliwa zamani. Loyce hakucheka, hakuzomea. Alimwinamia mzee kidogo, akasema, "Shikamoo, babu," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema bila kulazimishwa na mama yake.

Jumapili padre akauliza. Derick akanyamaza. Loyce akasema, "Calist," na mzee aliyekaa benchi la mbele akapenga kamasi kwa sauti iliyofunika jibu la wasimamizi.

Hesabu ilipofungwa ilikuwa hivi. Calist alipoteza kiwanja, na jogoo hawakuja tena. Siku hizi anayetaka maana hutazama simu, na akiona simu imemwita mkulima huenda kwa mzee kimya kimya na mayai mawili, apewe iliyo bora. Lakini ana nakala ya cheti cha ubatizo, kaifunika kwa karatasi ya nailoni, kaitundika ukutani mahali pa kalenda. Wajina akiletwa Issuna, mzee humwamkia yeye kwanza, mtoto asiye na jino, kisha ndiyo huwageukia watu wazima. Humwangalia yale masikio na kumwambia, mzuri kuliko wote, na anaonekana kuamini.

Selina alijenga mabanda kando ya lami kabla chokaa ya mawe haijafutika. Kuku walianza kuisha kabla ya saa nne asubuhi. Ndipo Loyce, akiwa anafunga mizigo arudi Kiomboi, alipomwonyesha karatasi ya mtendaji, mstari wa mwisho, ambao Selina aliupita kwa haraka ya kutaka mhuri. Uliandikwa: wasimamizi wa kiwanja hadi mtoto atakapokua ni wazazi wake. Bibi hakutajwa.

"Sikutoi, mama," Loyce alisema. "Kaa tu. Ila kila mwisho wa mwezi jogoo mmoja apande basi aje kwa mjukuu wako."

"Mmoja kwa miezi miwili."

"Mmoja kwa mwezi. Na awe mzima. Nitamtazama mabawa kabla sijampokea."

Selina akamsaidia kufunga mzigo wa mwisho. Mwisho wa mwezi ulipofika aliingiza mkono kwenye tenga, akamtoa jogoo wa kwanza, akamrudisha. Akamtoa wa pili. Akamgeuza, akampuliza manyoya, akamfungua mdomo, akamnyanyua bawa moja, kisha la pili. Dereva wa basi alikuwa anapiga honi. Selina alimwambia asubiri.