Ngege wa Bwawa la Baba

Baba alikuwa fundi wa magari mtaani kwetu, Buyenzi. Vita vilipopamba moto, barabara za bara zikawa za kuvizia watu, na gereji ikakauka. Ziwa nalo lilifungwa mara kwa mara; wanajeshi walikataza mitumbwi kutoka. Kaka yake, baba mukubwa wangu, mvuvi tangu ujana, akawa anashinda barazani kwetu akishona nyavu ambazo hazikuchanika.

Basi baba akachimba bwawa. Tulikuwa na kipande cha shamba karibu na mto, pale unapoingia ziwani. Vifaranga vya samaki alivitoa kwenye mabwawa ya mradi wa kufuga samaki ambao wenyewe walikuwa wameukimbia, akavileta kwa baiskeli ndani ya bidoni, dumu la plastiki. Mimi, binti wa miaka kumi na mitatu, nilivilisha pumba za mchele.

Walipokua, baba mukubwa alikamata mmoja, akautandaza mkia wake. Ulikuwa na mistari iliyosimama.

“Huyu si ngege wetu,” alisema.

“Ngege ni ngege, kaka. Anakaangwa, analiwa.”

“Apana. Mi nawajua wa ziwa. Huyu sijui ametoka wapi, na mto uko hapo hapo.”

Baba alicheka. Nami nilicheka.

Masika yaliyofuata mto ukafurika, ukabomoa ukingo. Tulipofika asubuhi, bwawa na mto vilikuwa maji mamoja. Baba aliingia hadi kifuani na chandarua cha kitandani, akatoka na tope. Mimi nililia kwa sababu ya kitoweo tu.

Miaka michache baadaye, siku ambazo mitumbwi iliruhusiwa, baba mukubwa alirudi na wale wa mistari. Kwenye matete, mahali ngege wa ziwa walipokuwa wakichimba viota mchangani, wageni walikuwa wametanda. Wengine hatukujua tuwaite nini: mkia wa bwawa, rangi ya ziwa. Wageni na wenyeji walikuwa wamezaana. Sokoni Jabe hakuna aliyejali. Mwenye njaa haulizi ukoo wa samaki.

Baba alijali. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, alikwenda mtoni kuwavua, wakubwa kwa wadogo, akawatupa nchi kavu. Nilimfuata mara kadhaa nikambebea ndoo.

“Acha, mudogo wangu,” baba mukubwa alimwambia. “Utamaliza ziwa kwa ndoo?”

“Ni mi niliwaleta.”

“Si we peke yako. Mabwawa ya mradi nayo yalibomoka.”

Baba akatupa mwingine nchi kavu. Maneno yale hayakumpunguzia kitu.

Amani iliposainiwa, jirani zetu walishangilia mtaani. Baba mukubwa alikuwa ameshauza mtumbwi wake ukapasuliwe kuni. Sasa alikaa gerejini, akimpa baba spana. Ijumaa moja baba alitoka msikitini akaja moja kwa moja nyumbani bila kupita mtoni, akavua kanzu, akalala kuelekea ukutani. Ndoo ya samaki ilikuwa mlangoni. Mama aliichukua akaenda nayo kufua.