Chale Niliyomchanja Mjukuu Wangu

Nimezaa saba na wote niliwachanja kifua mwenyewe, kwa wembe mpya, kabla hawajamaliza wiki. Chale tatu ndogo, unga mweusi wa dawa juu yake, basi. Wote wako hai. Wa mwisho anaunda boti hapa Dunga na kifua chake ni kama mlango wa stoo. Kwa hiyo mke wake alipojifungua mtoto asiyelia, sikuona kama kuna mtu wa kuniambia la kufanya.

Mimba ile ilikuwa mbaya tangu mwezi wa saba. Miguu ya mkamwana wangu ilivimba mpaka akawa anavaa patipati za mume wake. Mimi nilisema ni chumvi nyingi kwenye omena, dagaa wetu wa ziwani. Kliniki wakasema ni presha, na kondo la nyuma halimpitishii mtoto chakula wala hewa ya kutosha. Wakampasua. Mtoto akatoka mdogo, rangi ya zambarau, kimya kabisa. Walimpuliza hewa kwa mpira mpaka akatoa kasauti kama ka kifaranga, wakamweka kwenye kisanduku cha kioo chenye joto.

Mama yake hakuweza kusimama na mshono ule. Alikuwa anakamua maziwa kwenye kikombe, na mimi nayapeleka wodi ya watoto kila baada ya saa tatu. Siku ya pili sista wa pale akanivuta kando.

"Dani," akasema, maana huku kwetu kila nyanya ni Dani, "huyu mtoto alikosa hewa tumboni siku nyingi. Ile kidogo iliyofika, mwili ukaipeleka kwa ubongo na moyo. Ini likabaki na njaa."

"Ini na kulia vinahusiana wapi?"

"Si kulia, Dani. Damu. Ini ndilo linatengeneza vitu vya kugandisha damu. Na zile chembe za kuziba kidonda, kwake ni chache sana. Ona kisigino."

Alikuwa amemchoma kisigino asubuhi kupima sukari. Jua lilikuwa limeshapanda na pamba bado ilikuwa inalowa.

"Hata sindano tunamchoma tu tukikosa njia nyingine," akasema.

Niliitikia. Kuitikia nakujua. Lakini moyoni nilisema, msichana hajazaa hata mmoja, leo ananifundisha damu? Maisha yangu yote napasua samaki. Damu ya mbuta inaganda kwenye ubao kabla sijafuta kisu.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, nilikuta kifua cha mtoto kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kwetu kifua kama hicho kinachanjwa, hakingojewi. Sista akaitwa upande wa pili kwa mapacha waliokuwa wameletwa kutoka Sondu. Nikafungua fundo la leso nililofungia wembe na unga wa dawa. Wembe ulikuwa bado ndani ya karatasi yake. Mimi si mchafu. Nikaingiza mkono kwenye tundu la kisanduku na kumchanja chale moja chini ya titi la kushoto, fupi kuliko punje ya mchele.

Hakulia. Nilikuwa naenda ya pili nikaona ya kwanza.

Damu haikuruka. Ilitoka polepole, nyepesi, ikateremka ubavuni na haikusimama. Nikanyunyiza dawa, dawa ikaelea. Nikabonyeza kwa pembe ya leso, nikahesabu kimoyomoyo mpaka mia, nikaachia. Ikatoka tena, vilevile, kama vile sijafanya kitu.

Nikavuta nepi mpaka kifuani, nikamfunika, nikatoka. Ndiyo, nilitoka. Nikakaa kwenye benchi la nje. Mama mmoja mwenye uji wa mgonjwa wake akaniuliza mjukuu anaendeleaje, nikamjibu, "Mzuri tu." Kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni kwamba nikisema, wodi nzima itajua, mwanangu atajua, akina mama wa kanisa watajua. Nisiposema, hakuna atakayefunua nepi ile mpaka maziwa ya saa kumi na mbili. Sijui nilikaa muda gani. Mama wa uji hakuwa amemaliza kuupoza nilipoinuka.

"Sista, kuja."

"Dani, subiri kidogo, mikono imejaa."

"Nimemkata."

"Umemkata nani?"

"Mtoto. Na wembe."

Hakunipigia kelele. Alikimbia. Nepi ilikuwa imelowa nyekundu mpaka pembeni. Daktari akaja, kijana wa miwani, akabonyeza kile kidonda kwa kidole kimoja na hakukiondoa.

"Umeweka nini hapa?"

Nikayataja majani yote kwa Kijaluo, sista akawa anamtafsiria.

"Umekata wapi kwingine?"

"Ni moja tu."

"Mama, usinidanganye."

"Ningekuwa wa kudanganya ningebaki kwa benchi."

Wakamtundikia mfuko wa maji ya njano, yanayotolewa kwenye damu ya watu wengine, yana vile vitu ambavyo ini lake halikutengeneza. Nikauliza nani atamwambia mama yake. Sista hata hakuinua macho. "Si mimi, Dani."

Nikaenda kumwambia. Alikuwa amelala ubavu, kikombe cha maziwa kimeshajaa nusu. Nilisema yote, hata ya benchi. Akasema, "Nipe mkono." Nikadhani ananihurumia. Alikuwa anataka kushuka kitandani. Alipokanyaga sakafu aliuachia, akaenda ameinama, kashika mshono kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine, mpaka mlango wa wodi ya watoto.

"Wewe baki hapo, Mama," akasema.

Damu ilisimama kesho yake asubuhi. Niliambiwa na mwanangu. Mtoto alirudi nyumbani, ila amechelewa kukaa, na mkono wake mmoja anaukunja sana. Daktari anasema ni ile hewa aliyoikosa, si wembe, na tungoje tuone. Mkamwana akienda sokoni humbeba mgongoni, jua liwe kali namna gani. Nyumba yangu iko hatua ishirini kutoka kwake, na mimi nashinda mlangoni.